Uzinduzi wa Mizani ya Nyimbo za Ibada

Mheshimiwa Mchungaji wetu na Mama Mchungaji, waheshimiwa wazee wa kanisa, mliopo na mlioomba udhuru, ndugu viongozi wa kwaya ya nyimbo za kitabu, mlioketi kulia, ndugu viongozi wa bendi ya mapambio, mlioketi kushoto na kuwanunia wenzenu, mwakilishi wa wanaochelewa ibada, mafundi mitambo, wageni waalikwa, wageni wasioalikwa lakini wamekuja, mabibi na mabwana: Bwana asifiwe! (Ameni, kutoka kulia.) Bwana asifiwe tena! (Ameni, kutoka kushoto, kwa sauti kubwa zaidi.)

Mimi, Mwenyekiti wa Muda wa Kudumu wa Mradi wa Mizani ya Nyimbo, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, unyenyekevu ambao hamjapata kuuona kwa kiongozi mwingine yeyote (kicheko nyuma), ili kuzindua rasmi fremuweki shirikishi, jumuishi na endelevu ya kusawazisha nyimbo za kale na nyimbo za kisasa. Mtakumbuka miezi minane iliyopita, kwaya ilipofika ubeti wa tatu na bendi ikaingiza pambio katikati, maikrofoni ikanyang'anywa mbele ya watoto, nami kwa busara niliyojaliwa nikaagiza kinanda kifunikwe na ngoma zisiguswe mpaka mradi ukamilike. Tangu siku ile tunaimba kwa midomo mitupu, na amani imetawala, kwa kuwa hakuna anayefurahi. (Minong'ono.)

Naomba utulivu, nina takwimu. Utafiti wa kina unaonyesha kwamba wimbo mmoja wa kitabu, wenye beti tano, huchukua dakika saba, na asilimia arobaini ya waumini husinzia wakifika ubeti wa nne; ilhali pambio moja lina mstari mmoja tu, unaorudiwa mara arobaini na tatu kwa dakika kumi na tisa, na asilimia sitini hawajui limeanza lini wala litaisha lini. Huo si usawa, ndugu zangu! Kwa hiyo, chini ya mradi huu, kila ubeti wa kitabu utarudiwa mara nane, na kila pambio litaongezewa beti nne za kusinzia. Makofi yatapigwa upande wa kushoto tu, machozi yatatoka upande wa kulia, na anayetaka kuruka ataruka kwa zamu baada ya kujaza fomu. (Kicheko. "Na Roho akinishukia kabla ya fomu?" anauliza mama mshonaji.) Mama, naye atafuata utaratibu kama sisi wengine.

Namwona Shangazi yangu, mpiga kinanda wetu kwa miaka thelathini na mmoja, amenyoosha mkono. Shangazi, maswali ni mwishoni. Haya, sema, lakini kwa kifupi. ("Mwanangu, nina miaka sabini na sita. Vidole vinakakamaa kwa kukaa bure. Kama mradi wako hauishi leo wala kesho, niambie tu kwamba sitapiga tena, nijue moja. Naumia.") Ahsante sana, Shangazi. Katibu, andika: wadau wamepongeza.

("Kwanza sisi tulishapatana," anadakia fundi baiskeli, mpiga ngoma wa bendi. "Kila Jumamosi niko kwa bibi huyu. Yeye anaimba wimbo wa kitabu, mimi nagonga meza taratibu, na wimbo unakubali kabisa. Hata mpiga gitaa ameanza kuja.") Nimeshtushwa! Kupatana bila semina elekezi? Bila mwaliko wa maandishi? Haraka haraka haina baraka, kijana. ("Na ngoja ngoja huumiza matumbo!" anajibu Shangazi.) Naagiza mapatano hayo yasitishwe mara moja, yasije yakavuruga usuluhishi. (Kelele. Upande wa kulia unampigia fundi makofi.) Makofi ni kushoto tu, tafadhali!

Nahitimisha. Nikisema Mizani, nanyi mseme Sawasawa. Mizani! (Kimya.) Kale na kisasa! ("Fungua kinanda!") Hicho siyo kiitikio.

Mwisho, kwa namna ya pekee, niwashukuru wajumbe wa Kamati ya Mizani kwa kazi kubwa watakayoifanya pindi nitakapowateua. Nimshukuru mtaalamu mwelekezi, popote alipo, ambaye bado hatujaanza kumtafuta. Niwashukuru watafiti kwa takwimu hizi ambazo, kutokana na kutokuwepo kwa watafiti, nilizikadiria mwenyewe asubuhi nikinyoa ndevu. Na niwashukuru ninyi nyote kwa miezi minane ya kuuvumilia mradi ambao, kwa neema ya Mungu, sasa uko tayari kuanza kufikiriwa.

(Shangazi anamshika mkono fundi baiskeli, wanakwenda mbele polepole, naye Shangazi anavuta kitambaa kilichofunika kinanda.) Shangazi, keti. Fundi, ngoma hizo ziko chini ya mapitio! Katibu, andika kwamba nimekataza! (Katibu ameweka kalamu chini, anatafuta ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo.) Ndugu waumini, sijamaliza, bado kuna kiambatisho cha kwanza, chenye vipengele kumi na… (Kulia na kushoto wanaanza ubeti wa kwanza. Hasikiki tena.)