Pipa la Doña Herlinda

Hivi, umewahi kumwona mtu anayekataa kuonja kitu kinachomdondosha mate? Mimi nimemwona, hapa hapa mjini Tequila, Mexico, mtaa wa nyuma ya kanisa. Jina lake Evodio Barajas, mwenye suruali ya pasi na moyo ambao haujapata kuoshwa.

Pombe yetu kali ni tekila. Ile nyeupe hunywewa ikitoka mtamboni, bado inanukia mkonge wa buluu uliookwa. Ikilala miezi kadhaa katika pipa la mwaloni hupata rangi ya nyasi kavu, ikaitwa reposado. Ikipitisha mwaka ndiyo añejo, ya kahawia, na bei yake haishikiki. Evodio hakuwa na mwaka wa kusubiri. Alinunua nyeupe ya hovyo, akaitia sukari iliyounguzwa ipate rangi, na kabla ya chakula cha mchana ikawa imeshazeeka. Aliwauzia wenye harusi. Yeye mwenyewe hakuinywa. Tumbo lake alilipenda.

Jumanne moja akamkuta Doña Herlinda, mjane, akiosha mlangoni mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa. Nyuma yake, chini ya blanketi la farasi, pipa.

"Mna nini humo, mama?"

"Tekila aliyoiacha marehemu. Imo humo mwaka wa tisa."

Miaka tisa! Kuna hoteli jijini Guadalajara wangeipigia magoti.

"Masikini," Evodio akaguna kama daktari wa uongo. "Imeoza hiyo."

Mjane akafungua bomba, akakinga glasi. Kahawia tupu.

"Umeona? Kutu!"

"Onja basi, tuhakikishe."

"Nionje sumu, mama?"

"Sugua hata viganjani uinuse, kama wanavyofanya watu."

"Viganja vyangu navionea huruma."

Angefanyaje? Akionja akatabasamu, uongo umekufa. Mdomo wake mwenyewe ulikuwa umemfunga kamba.

"Niachie nikaimwage," akasema kwa upole.

"Kitu cha marehemu hakiondoki bure. Nipe pikapu yako."

Evodio akacheka, akalitazama pipa, akaacha kucheka. Akaandika hati ya kubadilishana kwa mkono wake, shahidi akiwa fundi viatu wa jirani, misumari midomoni. Doña Herlinda akatia ufunguo wa gari mfukoni mwa aproni.

Sasa pipa ni la Evodio! Akamimina kidogo kiganjani, akasugua, akafumba macho apate harufu ya mkonge. Hakuna. Akataka kuachanisha viganja, vikagoma. Vimegandana kama vya mtoto aliyeiba peremende.

"Sukari!"

"Yako hiyo, mwanangu. Madumu sita uliyotuuzia, harusi ya Maricruz wangu. Wakwe zake kutoka Amatitán waliitema mbele ya padri, binti yangu akalia shela likiwa kichwani. Mume wangu akaimimina humo, na hakuinua tena uso sokoni mpaka tunamzika."

"Bibi tapeli wewe!"

"Si nilikuambia uonje? Nikakuambia na usugue."

Fundi viatu alicheka mpaka misumari ikamwagika. Evodio akavibandua viganja, akajaribu kulisukuma pipa. Barabara yetu ni ya mawe na ni ya kupanda. Lilisogea hatua moja, likarudi likamkanyaga kidole.

"Gari umechukua," akafoka, akirukaruka kwa mguu mmoja. "Unataka nini tena?"

Doña Herlinda akaketi, akaijaza ile glasi mpaka ukingoni, akaisogeza mbele ya Evodio.

"Gari ni la Maricruz. Mimi, miaka yote tisa, nilitaka kitu kimoja tu: nikuone wewe ukiinywa."