Uzinduzi wa Transfoma ya Mtaa Wetu

Jumapili, tarehe 9 Juni

Baba Watoto,

Wewe ulikuwa ukisikia hotuba za wakubwa redioni unacheka mpaka chai inakutokea puani, ndiyo maana nimeona nisikunyime hii. Jana Mkurugenzi wa shirika la umeme alikuja kuzindua transfoma ya mtaa wetu. Mimi nilikwenda kwa jambo moja tu. Waya ule uliokuua bado umelala pale bombani, siku una umeme, siku hauna, na watoto wa watu wanauruka wakienda kuteka maji. Tuliambiwa utaondolewa transfoma mpya ikija. Basi msikilize.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, ambaye hakuweza kufika. Mheshimiwa Makamu wake, ambaye yuko njiani. Waheshimiwa wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, wasaidizi wa wakuu wa vitengo pamoja na wenza wao. Wadau wa maendeleo, wabia wa kimkakati, viongozi wa dini zote. Wateja wetu wapendwa, wanaolipa na wanaokusudia kulipa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ihesabiwe kuwa imezingatiwa. Nishati hoyeee!

(Hoye! kutoka viti vya mbele, ambavyo vilikuja na msafara wake pamoja na waliovikalia. Sisi wa nyuma tulikuwa tumesimama.)

Nimesimama hapa nikiwa na furaha isiyo kifani, furaha ambayo kitengo chetu cha tathmini kimeipima na kuikuta asilimia mia moja na nane, kuwajulisheni kwamba, kufuatia fizibiliti stadi iliyofanyika katika hoteli tulivu, ikafuatiwa na warsha ya kuipitia hiyo fizibiliti stadi, ikafuatiwa na ziara ya mafunzo katika nchi za baridi, ambako mimi binafsi nilisimama kwa unyenyekevu mbele ya transfoma za wenzetu nikapigwa nazo picha, shirika limeamua, kwa makusudi mazima na bila kushurutishwa na mtu, kuutoa mtaa huu katika giza la kianalojia na kuuingiza katika mwanga wa kidijitali!

(Makofi. Jenereta nyuma ya jukwaa ikakohoa. Balbu iliyoning'inia juu ya kichwa chake ikafifia, ikarudi.)

Mnauona mwanga huo? Huo ndio utendaji wangu. Yapo maneno ya vichochoroni kwamba umeme unakatika. Si kweli, na nawaomba msikubali kutumika. Umeme haukatiki. Umeme unapumzishwa, kwa mujibu wa rodimapu, ili urudi ukiwa na kapasiti, na ni mtu asiye na shukrani pekee ambaye atakaa gizani usiku kucha akilalamikia giza badala ya kulala.

(Muuza mkaa, yule dada jirani yetu mwenye sauti ya tarumbeta, hakuvumilia. "Mheshimiwa, mimi giza ndilo linalonilisha! Umeme ukikatika mkaa unatoka! Lakini hata mimi nauliza, ule waya wa bombani mnautoa lini?" Watu wakaangua kicheko. Askari wakamkazia macho. Akawaambia, "Mnanikodolea mimi! Kaukodoleeni waya.")

Nashukuru kwa swali hilo zuri, ambalo halikuwemo kwenye ratiba. Ni kweli kwamba wakati wa mvua zilizopita, katika eneo la bomba, mteja wetu mmoja alipata mgusano usiopangwa na miundombinu.

(Hapo alikuwa anakusema wewe, Baba Watoto, na ndoo yako ya bluu.)

Shirika lilisikitika, likaunda kamati ya masikitiko, na kamati hiyo imesafiri sana. Lakini tuzungumze kisayansi. Ukichukua wakazi wote wa mtaa huu, ambao hawajaguswa na waya ule ni asilimia tisini na tisa nukta tisa. Hayo, ndugu zangu, si maafa. Hayo ni mafanikio! Na ili kuonesha sura ya kibinadamu ya shirika, naomba mama mjane asogee mbele apokee balbu ya kubana matumizi.

(Nilisogea. Nikaipokea kwa mikono miwili, maana mama yako angenisema sina adabu. Nikamwambia polepole, "Asante, baba. Na ule waya?" Akakigeukia kipaza sauti: "Mama anasema ameshukuru sana!" Makofi.)

Sasa, waya. Ninyi mnauona waya, sisi wataalamu tunauona mchakato. Kwenda kuuondoa hivi hivi, kama mtu anayeanua kamba ya nguo, ni fikra za zamani. Tumewaletea aplikesheni. Mwananchi akiona waya umeanguka, anatoa simu yake, anausogelea ili picha itoke vizuri, anapiga, anatuma, na taarifa yake inapanda yenyewe mpaka kwenye wingu, ambako itakaa salama bila kuguswa na mtu yeyote.

("Simu tunachaji wapi?" akauliza seremala wetu, yule mwembamba. Muuza mkaa naye: "Waya uko chini, mwenzetu anatazama mawinguni!")

Maswali mengine yawasilishwe kwa maandishi. Na sasa, kwa mamlaka niliyopewa, na yale niliyojiongezea kwa bidii, naizindua rasmi transfoma hii!

(Akavuta kitambaa. Likaonekana sanduku kubwa la kijivu, linang'aa, na fuvu jekundu limechorwa ubavuni. Watu wote wakashusha pumzi. Nakwambia kweli, machozi yalinitoka. Nilisema moyoni, leo waya unaondoka. Seremala peke yake alikuwa anatazama viatu vyake.)

Nihitimishe kwa shukrani. Nimshukuru fundi seremala wa mtaa huu, aliyetuchongea transfoma hii kwa mbao za makasha, kwa ustadi ambao hata mimi nilipoifunua niliogopa kuigusa. Nimshukuru mpiga muziki, mwenye jenereta na balbu hii, na ambaye ananikonyeza kwamba anavihitaji harusini. Niishukuru idara ya ununuzi, ambayo itaanza kutafuta transfoma yenyewe mara tu bajeti itakapoombwa, na bajeti itaombwa mara tu mradi utakapobuniwa, na mimi naahidi mbele yenu kwamba wazo la kuubuni tunalo! Nishati ni haki! Haki ni subira! Subira ni nishati! Na kwa kuwa wazee wananisihi nigombee, siku ya kura ikifika, msinisahau. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Hakuna aliyepiga makofi, hata wa viti vya mbele, maana walikuwa wanavikunja.)

Magari yakaondoka, jenereta ikaondoka, balbu ikaondoka. Sanduku likabaki. Muuza mkaa akamvaa seremala: "Wewe nawe! Umetuchongea uongo?" Akajibu, "Dada, niliambiwa la maonyesho. Ningejua ningelipasua kuni." Kisha akaligonga gonga, akaniangalia. "Shemeji, lakini ni mbao kavu."

Tukalibeba watu sita mpaka bombani, tukaufunika waya nalo, fuvu likiwa upande wa njia. Leo asubuhi nimewaona watoto wanalizunguka kwa mbali na ndoo zao, wanaambiana, "Usiguse, hiyo transfoma."

Ile balbu nimeifunga chumbani. Bado haijawaka. Ukipata nafasi huko uliko, unikumbuke.

Mama Watoto