Hataza kwa Jina la Mama Mkwe

Ijumaa, 6 Machi

Imekubali! Saketi yangu inafanya kazi! Jioni nzima nimekuwa nikiwasha na kuzima amplifaya ya sebuleni na haijapiga ule mlio wake wa "PU!", ule uliomfanya mama mkwe ajidunge sindano kidoleni mwezi uliopita. Sasa spika zinangoja kwanza. Umeme ukitulia, rilei, ile swichi inayojiwasha yenyewe, inalia "ta", spika zinaunganishwa, muziki unaanza.

Hilo la kungoja si geni, wengine walishalifanya. Jipya ni hili: spika moja ikifa, saketi inahamishia sauti yote kwenye spika nzima. Yenyewe! Bila mtu kugusa kitu! Nimepekua makabati yote ya ofisi na sijaona mtu mwingine aliyewaza hivyo.

Tatizo ni ofisi yenyewe. Mimi ni mkaguzi wa hataza. Nasoma maombi ya wavumbuzi wa amplifaya na spika, nawaambia kama walichobuni ni kipya, na kikiwa kipya wanapewa hataza ili asitokee mtu wa kuwaiga. Mkaguzi haruhusiwi kujiombea. Akijaribu, kibarua kinaota nyasi. Nimeisoma kanuni hiyo kwa makini na kuirudia. Haijamtaja mama mkwe.

Tunaishi kwake, mimi na mke wangu. Mbele ya wageni ananiita mwanangu. Akiwa jikoni na binti yake ananiita yule bwana wa nyaya. Kuta ni nyembamba, nasikia kila kitu. Naumia, sifichi.

Jumamosi, 7 Machi

Siku kubwa! Harusi ya shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu. Niliweka saketi mfukoni, kwa tahadhari tu. Mke wangu akauliza mfuko wa koti umevimba nini. Nikasema leso.

Katikati ya sherehe spika ya kushoto ikakata. Mpiga muziki akaanza kuipiga makofi. Nikajitosa. Alilalamika kwamba nitamuunguzia vyombo, nikamwambia atulie, anaongea na mtaalamu. Nikaunganisha. Muziki ukarudi wote kulia. Kisha shangazi wa bibi harusi akakanyaga waya akicheza na kuing'oa spika ya kulia. Wakati huo ya kushoto nilikuwa nimeshaikaza waya. Sauti ikahamia kushoto hata kabla shangazi hajageuka!

Watu wakashangilia. Kwangu mimi! Nikamwomba mshereheshaji maikrofoni nieleze maneno mawili. Nikaeleza rilei. Nikaeleza kapasita. Nikageuza lile bango la majina ya maharusi, nikachora saketi yote nyuma yake, nikazungushia duara mahali penye siri. Bibi harusi alinuna, lakini wazee wa meza ya mbele walitikisa vichwa kwa heshima, na mmoja aliniomba nirudie sehemu ya transista.

Mama mkwe alinitazama muda mrefu. Sikujua anawaza nini.

Jumatatu, 9 Machi

Mambo yameiva. Ofisi imeanza utaratibu wa kuwashughulikia wavumbuzi wadogo chapuchapu. Asubuhi, kabla ya kazi, nikamfuata mama mkwe kwenye cherehani yake. Nikapiga goti kidogo. Nikamweleza kwamba nahitaji mtu mwaminifu wa kuandikwa kama mvumbuzi, na kwamba mtu mwaminifu kuliko yeye sijamwona.

Alisema nimwondolee kilemba cha ukoka, kwanza nimwambie anaandikwa kuwa amebuni nini. Nikamwambia. Akasema yeye maisha yake yote amebuni magauni. Nikasema tofauti ni ndogo. Akafikiri, akang'ata uzi, akasema sawa, ila kuanzia leo vyombo vya jioni naosha mimi. Nikakubali mara moja. Mtu mkubwa haoni haya kuosha vyombo.

Ombi limeingia saa nne. Nililiandika mwenyewe, kwa ufasaha wa ajabu.

Jumatano, 11 Machi

Balaa! Faili limepewa Bwana Tai!

Bwana Tai ndiye jirani yangu wa meza. Sijui jina hilo alipewa kwa ile tai ya shingoni, ambayo haivui hata feni ikiharibika, au kwa vile anavyolizungukia kosa la mtu angani kabla ya kulishukia. Mimi nilitegemea faili lije kwangu. Mkuu wa kitengo, mama mmoja mpole ambaye hapazi sauti hata akikufukuza, alisema zamu ni ya Bwana Tai.

Nikajaribu kubadilishana naye. Nikampa faili zuri, la vipokea sauti vya masikioni, lenye michoro ya rangi. Nikamsifia tai. Nikamwambia lile la mshonaji litamchosha bure. Akashtuka kidogo, akauliza nimejuaje kama mwombaji ni mshonaji.

Nikasema mwandiko unaonekana wa mtu mwenye subira. Ombi limepigwa chapa, mwandiko haumo. Nikaenda chooni, nikakaa huko hadi wakati wa chai.

Ijumaa, 13 Machi

Bwana Tai ameshuka na kucha zote.

Niseme jambo moja. Hapa ofisini wananiita Bwana Kidogo. Si kwa kimo. Ni kwa sababu mwombaji yeyote akiandika kifaa chake "kinapunguza sauti kidogo" au "kinakaa kidogo", namrudishia ombi. Kidogo ni kiasi gani? Cha nani? Haki ya mtu haiwekewi mpaka kwa neno linalonyooka na kukunjamana! Nimewaliza watu wengi kwa neno hilo, na hotuba yake naitoa kila mwaka kwa wakaguzi wapya.

Leo Bwana Tai alisoma kwa sauti, chumba kizima kikisikia, dai la kwanza la mshonaji: "Saketi ambayo amplifaya ikiwashwa, spika husubiri kidogo."

Mimi! Mkono wangu huu huu!

Wakacheka hadi karani wa mapokezi akaja kuuliza kuna nini. Bwana Tai akasema ombi kama hili lingefika kwangu lingechanwa, na mimi nikalazimika kukubali, tena kwa ukali, kwamba huyo mshonaji ni mzembe kupindukia. Roho iliniuma. Mwisho akatangaza kwamba maandishi hayamtoshi, anataka kumsikia mvumbuzi mwenyewe. Jumanne.

Jumapili, 15 Machi

Masomo kwa mama mkwe. Mimi naosha sufuria, yeye amekaa kwenye kigoda cha jikoni, ananihoji mimi badala ya mimi kumhoji yeye.

Ana akili sana, sikutegemea. Rilei ameielewa kuwa ni kifungo kinachojifunga chenyewe. Kapasita, kwake, ni mtu anayepokea kwanza na kutoa baadaye, na akanitazama wakati akisema hivyo. Nikampa mambo ya kukumbuka: yeye ndiye aliyebuni, alibuni peke yake, mimi hanijui. Hilo la mwisho alilirudia polepole. Akauliza je, wakimuuliza kitu ambacho hatukujifunza? Nikamwambia ajibu kifupi.

Mke wangu alikuwa mlangoni amekunja mikono. Alisema mama yake hajawahi kusema uongo, hata kwa mteja ambaye gauni limembana. Nikamwambia asituvunje moyo.

Jumanne, 17 Machi

Leo ndicho kikao cha kumsikiliza mvumbuzi.

Mkuu aliniteua niandike kumbukumbu za kikao. Sikuwa na pa kukimbilia. Mama mkwe akaingia, kavaa gauni lake la harusi ile, mkoba mapajani. Akatusalimia wote kwa adabu. Mimi akanipita kama kabati. Nilijivunia!

Alijibu vizuri mno. Rilei, kifungo. Spika ikifa, sauti inahamia kwa mwenzake. Mkuu alikuwa akitabasamu. Bwana Tai akauliza basi hicho kidogo ni kiasi gani. Tulikuwa hatujafanya mazoezi ya hilo, nikafumba macho. Mama mkwe akasema ni muda wa kutia uzi kwenye sindano. Bwana Tai akauliza, kwa miwani au bila miwani? Akajibiwa kwamba bila miwani hata harusi ingekwisha spika bado zinangoja.

Wakacheka wote. Bwana Tai naye akacheka. Akauliza kwa upole, harusi gani?

Nilikohoa. Nilikohoa hadi Mkuu akanisogezea maji.

Mama mkwe akaweka mkoba mezani. Akasema hilo amefundishwa kujibu kifupi, lakini kifupi hakitatosha. Akaeleza harusi yote! Spika ya kushoto, shangazi, makofi. Akaeleza bango, na duara mahali penye siri. Akasema watu wote waliokuwepo wanaweza kuichora saketi hiyo hadi leo, maana ilielezwa kwa maikrofoni, na sehemu ya transista ilirudiwa.

Sote pale tunaijua kanuni ya kwanza kabisa, mimi mwenyewe ndiye ninayewafundisha wageni: kitu kikishaonyeshwa hadharani kabla ya kuombewa hataza, si kipya tena. Ni mali ya kila mtu. Harusi Jumamosi, ombi Jumatatu. Miaka yote hii nimekaa kwenye kiti hiki, na haikunipitia akilini hata mara moja, kwa sababu walikuwa wanapiga makofi!

Mkuu akauliza nani aliyeshika hiyo maikrofoni. Mama mkwe akaninyooshea kidole. Akasema: "Huyu hapa, mkwe wangu. Mimi ni mshonaji, mama. Siwezi kukaa hapa nikasifiwa kwa kazi ya mwanangu, na kazi yenyewe ni nzuri."

Kalamu ilinisimama. Mkuu akaniambia, kwa sauti ile ile ya upole, niandike. Nikaandika.

Jumatano, 18 Machi

Niliingia ofisini nikiwa tayari na boksi la kubebea vitu vyangu. Mkuu alinikalisha mbele ya meza yake. Kisha akasema ombi limekataliwa. Kwamba angeweza kunifukuza, ila usiku wote ameiona sura ya yule mama. Kwamba mtu aliyejiharibia mwenyewe mbele ya ukumbi mzima ameshaadhibiwa. Nimepewa onyo kali na kuhamishwa. Sitakagua tena amplifaya wala spika. Nahamia kitengo cha matangi ya maji ya vyooni.

Vyooni!

Bwana Tai alinisaidia kubeba boksi. Hakucheka. Hilo ndilo lililonikera zaidi.

Jioni nikasimama kwenye beseni la vyombo. Mama mkwe akaja, akachukua kitambaa, akaanza kufuta sahani nilizoosha. Hajawahi kufanya hivyo. Nikamuuliza kwa nini hakukaa kimya tu. Akasema pale harusini nilipokuwa nachora, ndugu wa bibi harusi walimuuliza yule ni nani, naye akawajibu kwa kichwa juu kwamba ni mkwe wake. Ameshazoea kulisema hivyo, asingeweza kulikana mbele ya watu wenye tai.

Machozi yalinilenga. Nikasingizia sabuni. Baadaye, kupitia ukuta, nilimsikia akimwambia mke wangu kwamba mwanawe leo hajala vizuri, amwekee chakula. Mwanawe! Na hakukuwa na mgeni hata mmoja nyumbani!

Nimekaa kitandani na kutafakari kwa dhati. Nimejifunza. Sitarudia tena ujanja wa aina hii maishani mwangu.

Jumatatu, 23 Machi

Matangi ya vyooni yana mambo makubwa kuliko watu wanavyodhani!

Nimekaa nayo siku chache tu na tayari nimeona kasoro ambayo ulimwengu mzima umeifumbia macho: kelele. Mtu akivuta maji, nyumba nzima inajua. Nimebuni valvu ya kunyamazisha. Ni nzuri ajabu. Safari hii hakuna kubahatisha. Nimelichunguza kosa langu la mwanzo na kuliona waziwazi: mama mkwe ni mkweli mno. Ombi litaingia kwa jina la mke wangu. Bado sijamwambia.

Na siri, siri hasa! Hakuna maikrofoni. Hakuna bango. Nimewaambia watu ninaowaamini peke yao, tena mmoja mmoja: fundi bomba, kinyozi na waliokuwa wanangoja zamu kwake, wazee wawili wa ile meza ya mbele, na mwenye duka la vifaa. Wote wameniapia.

Bwana Tai alipita mezani kwangu mchana kunijulia hali. Mtu mwema, nilikuwa namdhania vibaya. Aliniona nina furaha, akauliza nina nini. Sikutaka kusema. Akasema ananiheshimu, asingependa kunisumbua, ila valvu zimekuwa zikimtatiza tangu utotoni, na angefurahi sana kama ningemchorea kidogo tu.

Nikamchorea.