Chui wa Mguu wa Kushoto

Alhamisi, 8 Agosti

Tumeingia hifadhini! Furaha tupu, ila si kwangu mimi niliyekaa nyuma. Mapajani hema, miguuni sufuria, begani kichwa cha rafiki yetu Mwokaji, aliyelala tulipovuka geti na hajaamka. Dirisha la upande wangu limezibwa na magodoro. Twiga nimemwona nusu, tena nusu ya chini.

Kiti cha mbele kakikalia Shemeji. Huyu ni mume wa dada yangu, fundi miwani, na ameleta darubini ili sote tujue kwamba ana macho. Kila mnyama anamwona yeye kwanza. Kisha anageuka kunieleza, kama vile mimi ni mgonjwa wa kitandani.

Tulipopiga kambi nililalamika. Mwalimu, ambaye ndiye mwenye gari na ndiye dereva, akatoa hukumu: atakayekuwa wa kwanza kumwona chui atakaa mbele hadi nyumbani. Nyumbani ni mwendo wa saa kumi na moja! Shemeji akafuta darubini yake huku akitabasamu. Nitamkomesha.

Ijumaa, 9 Agosti

Chui hakuna. Shemeji kaona simba, kiboko, na ndege watatu aliowataja kwa majina yao yote.

Wazo! Mimi ni fundi viatu, mwaka wa kumi na tisa huu, na sanduku langu la kazi halibanduki nami. Wenzangu walipokwenda bombani kuteka maji nilikata kipande cha soli ya raba, nikachonga unyayo wa chui kwa kuangalia picha kwenye karatasi tuliyopewa getini. Kidole kwa kidole. Kazi safi, hata nikasikitika kwamba sina wa kumwonyesha.

Jumamosi, 10 Agosti

Asubuhi wakaenda kuosha vyombo. Nikainama, nikagonga nyayo ishirini na tano kwenye tope, kuanzia mlangoni pa hema la Shemeji (raha yangu hiyo) hadi kichakani. Soli mfukoni. Kisha yowe: chui! Nimemwona kwa macho yangu haya mawili! Wakaja mbio. Mwokaji alijifungia ndani ya gari, milango yote, sisi tukiwa nje.

Shemeji alinuna. Akauliza mbona yeye hakusikia hata jani kutikisika. Wivu! Lakini Mwalimu ni mtu wa taratibu, akasema kiti hakitolewi mpaka askari wa hifadhi athibitishe. Akaitwa. Mama mmoja mfupi, mpole, buti zake zimeachama kwa mbele. Alizifuata nyayo zote taratibu hadi kichakani, akarudi. Akasema tangu aanze kazi hajaona jambo kama hili: nyayo zote ishirini na tano ni za mguu wa mbele wa kushoto.

Kushoto! Mimi, niliyeshona viatu maisha yangu yote, nimesahau kwamba kuna mguu wa kulia!

Afande akasema, bila hata kutabasamu, kwamba huenda mnyama ameumia, hivyo shahidi aliyemwona aandamane naye kumtafuta. Wengine waendelee na safari yao. Nikapakiwa kwenye gari lake. Kiti cha mbele, jamani!

Hatukumtafuta chui yeyote. Kituoni alifunga mlango, akaniomba nitoe hicho kinachochafua mfuko wa suruali yangu. Nikatoa. Alicheka mpaka akashika meza. Akaita wenzake, nao wakacheka. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Kisha akauliza kama naweza pia kutengeneza viatu vya binadamu. Jozi kumi na nne za buti! Nimeshona kutwa, naye akaahidi kunifichia siri. Lazima nikiri kwamba aliisifu sana mishono yangu. Soli akabaki nayo, ati ya kufundishia askari wapya.

Saa kumi wenzangu walikuja kunichukua, wote wakiongea kwa mpigo. Chui jike na watoto wawili, katikati ya barabara, nusu saa nzima! Hata Mwokaji alikuwa macho. Nani aliwaona kwanza? Sina haja ya kuandika.

Jumapili, 11 Agosti

Tunarudi. Naandikia juu ya hema. Shemeji amekilaza kiti chake mpaka magotini mwangu, na anasimulia kwa mara ya tano jinsi mkia ulivyokuwa. Nimeumia, sitaficha. Nilimtaka yule chui kuliko hata kiti, na alipita mimi nikiwa na sindano mkononi.

Basi nimefikiri sana, maana kutoka hapa hakuna cha kutazama ila kisogo. Nilikosea wapi? Si uongo. Si tamaa. Hata Shemeji simlaumu. Jibu nimelipata, na nimeshatoa kisu na raba iliyobaki. Mwokaji amelala, hakuna anayeniona. Wa kushoto nimeshauchonga upya, na wa kulia umeshafika kidole cha tatu.

Mwakani nakuja na jozi kamili.