Ng'ombe Hana Pumzi

Nimefedheheka, jamani. Tena nimefedheheka mchana kweupe, kanzu nimevaa, uturi nimejipaka. Wekeni karata chini kidogo mnisikilize, maana hadi saa hii sielewi nimefukuzwa au nimekaribishwa, nanyi ndio wenye akili niliowapata karibu. (Ndio, mmesikia vizuri. Leo nawaita wenye akili. Jueni hali yangu ni mbaya.)

Rukia wa Mzee Kassim mwamjua. Mzee Kassim yule mstaafu wa bandarini, nyumba yake nyuma ya msikiti. Mwajua pia kwamba Rukia nimemtaka tangu mwaka juzi, na kwamba mzee ameshawarudisha wachumba wawili, na sasa kuna bwana wa Mikindani anayengojea jibu. Mimi ndugu yenu nikichelewa, Rukia aenda Mikindani. Basi jana Jumaa, kakake Rukia, akanijia kazini akaniambia: "Baba yuwakutaka kesho baada ya alasiri. Mna mambo ya nyota ya kutazama."

Nyota! Roho yangu ikatulia papo hapo. Nikasema, hapo sasa mzee amenigusa ninapopajua.

Nyinyi watu wa karata hamwingii ukumbi wa vidio kule Bombolulu, kwa hivyo lazima niwaeleze. Mieleka ya kwenye kaseti hatuitazami ovyo. Twaipima. Jumaa ni dobi katika hoteli moja ya watalii, na ndiye aliyetwambia kwamba wazungu huzipa hoteli nyota, kuanzia moja hadi tano, kwa kutazama shuka na taulo. Tukasema, kama shuka zapewa nyota, mieleka imekosa nini? Tangu siku hiyo kila pambano likiisha deki yazimwa, twabishana kwanza.

Na si kubishana kwa upuuzi. Mshindo una nyota yake: mtu akianguka, sisi tulioketi kwenye mabenchi tushike viuno. Yule mwema lazima ateswe kwanza, apigwe mpaka useme huyu leo hatoki, ndipo ainuke. Akishinda upesi upesi, nyota yaondoka. Refa akigeuka upande wa pili wakati mwovu anatoa chuma kiatuni, hapo nyota yaongezwa, kwa sababu ukumbi mzima humpigia kelele refa ambaye wallahi hatusikii. Mwisho wa hila wapunguza nusu. Wako wanaosema yote ni maigizo, hao hatuwanyimi kiti, lakini kura hawana. Na nyota ya tano haitolewi ila watu wanyamaze wote, hata muuza karanga. Tumeitoa mara moja tu. Baadaye ikagunduliwa kwamba muuza karanga alikuwa amelala, tukaifuta.

Mwandishi wa hayo ni mimi, maana hati yangu yasomeka. Majina ya wapiganaji hatuyashiki, ya kizungu yale, kwa hivyo twawabandika yetu. Jumamosi iliyopita walikutana Simba, mwenye nywele za manjano mpaka mabegani, na Ng'ombe, mwenye shingo nene asiyejua kugeuka. Tulibishana hadi ikaadhiniwa. Nikaandika nyota tatu na nusu.

Sasa, Jumaa alikuwa ameshaninong'oneza kwamba babake apenda mieleka kwa siri. Alimwona kwa macho yake akichungulia dirisha la jirani saa ya mieleka kwenye televisheni. Ndiyo maana aliposema nyota sikuuliza nyota gani. (Mtoto wa Kisauni, nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na habari za nyota za ndoa nimezisikia tangu sijui kujifunga kikoi. Msiniulize jana zilinitoka vipi.)

Leo baada ya alasiri nikaenda, daftari kwapani. Nikamkuta Mzee Kassim ameketi mkekani, na ubavuni mwake Maalim Bakari, huyu huyu aliyetusomesha Kurani chuoni sote, na kitabu chake kikuukuu mapajani. Nikashangaa kidogo. Hata Maalim? Nikajijibu kwamba mieleka haichagui mtu. Pazia la mlango wa ndani likatikisika, nikajua mamake Rukia yuko nyuma yake, na pengine Rukia mwenyewe. Nikakaa vizuri.

Nikatoa shikamoo mbili, nikapokea marahaba mbili. Nikamiminiwa kahawa. Wakaniuliza habari za kazi na za mamangu, nikajibu kwa adabu zangu zote. Kisha Mzee Kassim akakohoa, akasema kwamba mimi sasa ni mtu mzima, hapana haja ya kufichana, na afadhali nitoe rai yangu kabla Maalim hajatoa yake.

"Simba na Ng'ombe," akasema. "Wewe mwenyewe waonaje?"

Nilitaka kumbusu mkono. Nikauliza kama ameshawatazama. Akasema aliyetazama ni Maalim, yeye ameambiwa tu. Nikamgeukia Maalim Bakari kwa heshima ambayo sikuwahi kuwa nayo chuoni.

"Basi niseme kweli, mzee," nikasema. "Ng'ombe hana pumzi."

Mzee Kassim akaweka kikombe chini. "Hana pumzi?"

"Dakika tano tu ashachoka. Mwili anao, siwezi kumnyima haki yake. Lakini mzito mno. Akikukalia kifuani, ndio basi."

Akanikodolea macho. Nami nikadhani ananipa nafasi, nikaendelea. Nikamweleza kwamba Ng'ombe ana tabia ya kuuma mtu akiona hatazamwi. Kwamba huvuta nywele. Kwamba Simba alimvumilia sana, na mtu mwingine angeshakimbia. Mzee akaniuliza, kwa sauti ndogo, mambo hayo nani aliyeyaona. Nikamwambia ukumbi mzima, Bombolulu yote, wengine walisimama juu ya mabenchi wapate kuona vizuri.

Tasbihi ya Maalim Bakari ikasimama. Pakawa kimya kabisa, kimya ambacho kule kwetu ni dalili njema, nami nikazidi kujaa. Maalim ndiye aliyeuliza.

"Na mwisho wao? Kwa ujuzi wako wewe, wataishia wapi?"

Jamani, hapo ningeweza kujibu kwa mdomo. Lakini mwisho wa mieleka haujibiwi kwa mdomo. Nikapiga magoti, nikaupiga mkeka kwa kiganja kama refa, vikombe vikaruka. Moja! Mbili! Tatu!

"Kwisha," nikasema.

Mzee Kassim akanitazama. "Tatu? Zote kwa mara moja?"

"Kwa mara moja, mzee. Zikishafika tatu hapana kurudiana tena."

Maalim Bakari akasema taratibu kwamba hilo la kutorudiana ni kweli, ndivyo ilivyo sheria, lakini hajapata kumwona mtu akiifurahia hivyo. Nikafurahi kwamba sheria anazijua. Nyuma ya pazia kitu cha udongo kikaanguka kikavunjika, na sauti ya mwanamke ikasema, "Mwanangu maskini!" Nikadhani amekatwa na kigae.

"Kwa hivyo," Mzee Kassim akasema, "umekuja kuposa na talaka umezileta pamoja."

Talaka? Nikamtazama yeye, nikamtazama Maalim, nikatazama daftari. Talaka imeingiaje kwenye mieleka? Maalim Bakari akaniinamia kama alivyokuwa akitufanya chuoni tukikosea herufi. Akaniambia kwamba amelihesabu jina langu na jina la mamangu, na nimetoka nyota ya Simba. Kisha amelihesabu la bibi arusi na la mamake.

"Nassoro," akasema, "Ng'ombe ni Rukia."

Yakanirudia yote, moja moja, bila haraka. Pumzi. Uzito. Kukalia watu vifuani. Mabenchi. Nilikuwa bado nimepiga magoti na kiganja kiko mkekani, sikujua nikiinue au nikiache papo hapo. Mtu mwenye akili angeomba radhi akatoka. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zilikuwa zimenyolewa. Mimi nikatoa ushahidi. Nikampa Mzee Kassim daftari asome mwenyewe, aone kwamba Ng'ombe niliyemsema ni mwingine.

Akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, bila kukwama popote, kwa kuwa hati yangu yasomeka. "Ng'ombe. Mgongo mpana. Makelele mengi. Akili hana. Wiki ijayo tuletewe mwingine."

Nikaeleza. Nilieleza mieleka, nikaeleza vidio, nikaeleza hoteli, nikafika mpaka kwenye shuka na taulo, na kila nilipozidi kueleza niliona nyuso zao zikizidi kunipotea. Nilipofika kwenye shuka Mzee Kassim akainua mkono, akasema hizo zingoje kwanza. Mwisho nikamuuliza, kwa unyonge, kwani yeye mieleka haipendi? Si alionekana kwenye dirisha la jirani? Akasema alikwenda dirishani kuwaambia wapunguze sauti. Kisha akauliza ni nani aliyeniambia. Jina la Jumaa nikalimeza. Mke nilikuwa nimeshampoteza, sikutaka kumpoteza na shemeji.

Hapo mtu akacheka nyuma ya pazia. Kicheko kikatoka nusu, kikazibwa mdomo, kikatoka tena puani. Sasa niambieni, alikuwa Rukia au alikuwa mamake? Kama ni Rukia, nina tumaini. Kama ni mamake, sijui mama mkwe anacheka vipi akisikia mwanawe ameitwa hana pumzi. Nimelifikiria hilo njia nzima, na bado.

Na Maalim Bakari naye akanichanganya zaidi. Alikuwa amelichukua daftari, analifungua ukurasa kwa ukurasa, na uso wake si wa hasira. Akaniuliza hiyo nusu nyota twaihesabuje, maana yeye katika kitabu chake hana nusu. Nikamwambia ni ya mwisho wa hila. Akatikisa kichwa. Sijui ni kwa kukubali au kwa kunisikitikia.

Mzee Kassim akainuka. Akatembea mpaka mlangoni, akanipa mgongo, akasema: "Kamwambie mamako aje. Leo leo, baada ya magharibi."

Basi. Nikamuuliza, "Aje kwa heri, mzee?" Akasema, "Aje." Na daftari hawakunirudishia.

Sasa nyinyi nifasirieni. Mtu akiambiwa amwite mamake, ni ili wazungumze posa, au ni ili aambiwe amchukue mwanawe akamfunze adabu? Maana yote mawili huanza hivyo hivyo. Mimi niliitiwa mamangu chuoni mara nne, na hata mara moja haikuwa posa.

Nikaenda nikamweleza mamangu yote, sikuficha, hata la mabenchi. Hakucheka. Hakunigombeza pia, na hilo ndilo lililonitisha. Aliuliza moja tu, kama Rukia alisikia. Nikamwambia nadhani alisikia kila neno. Akaingia chumbani akatoka na buibui, na mkononi sahani ya halwa imefunikwa kitambaa. Nikamuuliza halwa hubebwa ukienda kuposa au ukienda kuomba radhi.

"Halwa ni halwa," akasema. "Wakitupokea nitakula nao. Wakinifukuza nitaila njiani peke yangu, na wewe hutaonja."

Kashakwenda. Nimekaa nanyi hapa kwa kuwa nyumbani siwezi kukaa, na kutoka hapa naiona njia anayorudi. Kwa hivyo mwenye dua aniombee sasa. Na wewe uliyejifunika karata usoni, mabega nayaona: ukitaka kucheka, vuka feri ukachekee ng'ambo kule Bofu, mamangu asikukute hapa akiwa bado ana ile sahani mkononi.