Darubini Niliyoijaza Ulezi

Leo nimejiaibisha mbele ya shule nzima, tena kwa akili zangu timamu.

Iko hivi. Kuna Dokta mmoja, mama mtafiti wa nyota, anatafuta bodaboda wa kumbebea darubini zake huku Ufipa msimu mzima, hadi vijiji ambavyo gari haliingii. Leo nilikuwa kwenye majaribio: niitoe darubini Sumbawanga, niifikishe shule ya msingi moja huko Mwimbi, watoto waangalie jua. Akaniambia, "Ndani kuna kioo. Kikipasuka, kazi hakuna." Akatangulia na gari.

Barabara ile naijua, inang'oa meno. Nikawaza, bibi yangu akipeleka mayai mnadani huyafukia kwenye ulezi, hajawahi kuvunja hata moja. Nikapita nyumbani, nikafungua kifuniko cha lile bomba, nikamimina ulezi mpaka juu. (Darasa la saba langu hilo linafanya kazi.) Nitaumwaga nikikaribia, nani atajua?

Kukaribia, nakuta watoto wamejipanga barabarani wananipokea kwa nyimbo. Utamwaga wapi?

Dokta akaifunga darubini kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akashangaa mbona leo nzito. Nikamwambia ni uchovu wa safari. Akatoa kifuniko, akaweka chujio la kupunguza ukali wa jua huku amewageukia watoto akiwajibu maswali, wala hakutazama ndani, kisha akamkaribisha mwalimu mkuu achungulie wa kwanza. Mzee akafumba jicho moja, akakaa weee.

"Unaona nini, Mwalimu?"

"Giza, Dokta. Giza zito."

Dokta akatoa chujio, akainamisha bomba akague. Nusu debe la ulezi likamwagikia viatu vya mwalimu mkuu. Kuku wa shule wakaja wote kama wamegongewa kengele. Jogoo akapanda kiatuni kabisa.

Watoto wakagaragara. Dokta hakucheka.

"Kijana, hiki ni nini?"

"Shikamoo, Dokta." (Ndicho kilichonijia.)

Nikamweleza habari ya mayai. Akamulika ndani kwa tochi. Nikaiona kazi inaondoka hivi hivi.

"Hakijapasuka," akasema.

Akanipa kipulizio cha mpira, akanifundisha kutoa punje moja moja bila kugusa kioo. Nimepiga magoti saa mbili nzima, kuku wananisimamia. Tulipomaliza akaniita nichungulie. Mishkaji, jua lina madoa! Akasema kale kadoa kadogo kanaweza kuimeza dunia nzima, Sumbawanga ikiwemo.

Kisha akasema, "Jumatatu uje. Sanduku lenye sponji nitakupa. Ulezi pikeni uji."

Kwa hiyo mkicheka, chekeni kwa adabu. Mnamcheka mtumishi wa anga.