Nilivyowasha Pampu Nikiwa Kitandani

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kihistoria! Fundi wa kampuni iliyotuuzia pampu mpya amekuja kituoni na kisanduku cheusi chenye vitaa vya kijani. Modemu. Inaunganisha kompyuta ya pampu na waya wa simu, ili yeye aikague pampu akiwa kwao bila kufunga safari. Ametuonya vikali, mimi na Dada Kimya, mwenzangu wa zamu ya mchana. Waya wa simu uchomekwe pale tu atakapoomba yeye. Akimaliza, uchomolewe. Anasema modemu haijui sura ya mtu. Yeyote atakayepiga, itampokea.

Dada Kimya akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaitikia kuliko yeye. Lakini akili yangu ilikuwa kitandani.

Kituo kiko juu ya kilima na zamu yangu huanza alfajiri. Magoti yangu hayakuumbwa kwa ajili ya kilima. Na nyumbani nina kompyuta, kuukuu lakini inapumua, yenye modemu yake. Basi fundi alipoondoka, waya nikauacha pale pale ulipo. Neno lake la siri lilikuwa refu mno, herufi na tarakimu zimevurugana, mtu mzima halimkai kichwani. Nimelibadilisha. Sasa ni "maji". Nani atafikiria?

Sijamwambia mtu. Ila mke wangu. Na shemeji, kaka yake, yule anayeuza maji kwa lori la tangi. Alikuwa mezani anakula, na kunong'ona mbele ya mgeni si adabu.

Jumanne, 4 Machi

Imekubali! Nilipiga nikiwa chini ya blanketi. Kompyuta ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi. Mke wangu akauliza nimekanyaga paka gani. Kisha kwenye kioo: PAMPU IMEWAKA. Nikageuka upande wa pili nikalala.

Meneja wa idara ya maji amenisifu mbele za watu. Mabomba ya mjini yalitoa maji mapema kuliko siku zote. Nilijibu kwamba kazi ni kujituma.

Jumatano, 5 Machi

Balaa. Niliiwasha kitandani kama jana. Nilipofika kituoni, nimeoga, nimeshiba, pampu imezimwa. Mji mzima mkavu. Nikasingizia umeme.

Balaa la pili. Namba ya kituo imechorwa ukutani kwa rangi nyekundu: MAJI YAKIKATIKA PIGA HAPA. Watu wamepiga. Modemu imewapokea na kuwapigia yowe la masikioni. Bibi mmoja amefika mwenyewe kwa miguu kuuliza tangu lini idara imemwajiri mbuzi mwenye kichaa apokee simu.

Shemeji kapita jioni na kitenge kipya cha dada yake. Biashara imemchangamkia, anasema. Leo watu walilikimbilia lori lake kwa ndoo. Mtu mwema sana yule.

Ijumaa, 7 Machi

Imezimika tena. Safari hii kwenye zamu ya Dada Kimya. Alikuwa amekwenda kukagua vali ya tangi, mvua inanyesha, na aliporudi akakuta kimya. Meneja akapanda kilima amefura. Hospitali wamekosa maji, wagonjwa wamelala bila kuoshwa vidonda. Akamuuliza nani kazima. Dada Kimya akasema hakugusa swichi. Hakuongeza neno. Ndivyo alivyo.

Nilikuwa nimesimama pale pale kwa makabidhiano. Vitaa vya modemu vilikuwa vinawaka na kuzima, vinawaka na kuzima. Mtu alikuwa ndani. Nilivua kofia yangu nikaifunika ile modemu.

Naandika tena ili nijione nilivyo. Niliifunika kwa kofia.

Jumamosi, 8 Machi

Dada Kimya amesimamishwa kazi. Jumatano atakaa mbele ya kamati, na wakimwona ana hatia, ndiyo basi. Mama yake ni mgonjwa na wadogo zake wanamtegemea yeye tu. Amenikabidhi funguo. Nilidhani atanitazama vibaya. Aliniambia tu, "Kaka, lile bomba la pili linavuja, usilisahau. Na usipande na viatu hivyo, utateleza."

Chakula kimenishinda. Mke wangu kauliza naumwa nini. Nikasema tumbo.

Nimeazimia kuitengeneza hali hii kimyakimya, bila kumsumbua mtu na ukweli. Nimempigia fundi. Nikamwambia nina rafiki katika kituo kingine, mzembe fulani, kaacha modemu imechomekwa na watu wanaiingilia pampu yake. Fundi akahema. Akasema huyo rafiki kwanza achomoe waya. Nikasema rafiki yangu hapendi hilo. Basi aweke neno la siri gumu, si jina la mke wala la kitu anachokiuza. (Nilikohoa.) Modemu ifunge mlango mtu akikosea mara kadhaa. Au, bora zaidi, ikipigiwa isimruhusu mtu kuingia moja kwa moja. Ikate, kisha yenyewe impigie kwenye namba moja iliyowekwa. Mwizi apige kutoka popote, simu itarudi kwa mwenyewe tu.

Hiyo! Hiyo ndiyo yangu. Nabaki kitandani, na mwizi anabaki nje.

Kabla ya kukata, fundi akaniuliza huyo rafiki yangu ana akili timamu. Nikasema anazo, ila ana magoti mabovu.

Jumapili, 9 Machi

Nimeiweka. Ikipigiwa, inakata na kupiga yenyewe. Ikatakiwa namba ya nyumbani kwangu, nayo sikuijua! Nani hujipigia simu mwenyewe? Namba ninayoijua kwa moyo ni ya mama mkwe, maana kila Jumapili lazima nimsalimie. Nikaiweka hiyo kwa muda.

Jumatatu, 10 Machi

Nilipiga kutoka kitandani. Ikakata. Nikangoja ipige. Nikangoja kama mchumba aliyeahidiwa barua. Ndipo nikakumbuka ya mama mkwe. Nikapanda kilima kwa miguu, mvua yote yangu, na kuteleza nikateleza.

Mchana pampu ikazimika mbele ya macho yangu. Nani tena, na mlango nimeufunga?

Nimerudi nyumbani nikamkuta mke wangu anapokea malalamiko ya mama yake. Tangu jana simu yake inalia, akiinua anapigiwa yowe. Tena kaka mtu, anayeishi naye pale, anamsukuma pembeni na kusema, "Weka chini mama, hiyo ni yangu!" Kisha anakimbilia kompyuta yake.

Nilikaa kwenye kiti taratibu. Mwizi nilikuwa nimempelekea simu hadi nyumbani.

Nimemfuata shemeji. Hakukana. Alicheka akaniambia, "Shemeji, si wewe ulinitajia neno la siri mezani? Mimi niliomba chumvi tu." Nikamwambia kuna mwanamke anapoteza kazi. Akasema nikimtaja yeye, nijue nitaanza kwa kujitaja mwenyewe. Nikarudi nyumbani.

Jumanne, 11 Machi

Waya nimeuchomoa. Kumbe ni kazi ya kufumba na kufumbua! Ningeuchomoa siku ya kwanza, Dada Kimya angekuwa bado kazini. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Meneja. Akasema afadhali nimefika, anafikiria kunipandisha cheo niwe mkuu wa kituo. Nikamshukuru nikaondoka. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi

Kamati, hapa hapa kituoni. Dada Kimya amekaa peke yake, mikono mapajani. Fundi wa pampu ameitwa pia. Mimi nyuma. Nilikuwa nimeamua kusema. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilishasafisha koo.

Mlango ukafunguliwa akaingia mama mkwe.

Amekuja kuishtaki idara kwa kumpigia mayowe nyumbani, yale yale aliyoyasikia alipopiga namba ya ukutani. Meneja hakuelewa. Fundi alielewa. Akauliza namba ya mama ni ipi, akaifungua kompyuta ya pampu, akaikuta humo, akageuka polepole na kunitazama. "Yule rafiki yako hajambo?"

Mama mkwe akanielekea mimi. "Mwanangu, kumbe ni wewe?"

Yote yametoka. Shemeji kaitwa polisi na lori limezuiwa. Nilisimama kueleza kwamba nilikuwa karibu kusema. Hakuna aliyeinua uso.

Alhamisi, 13 Machi

Dada Kimya ndiye mkuu wa kituo. Meneja alitaka kunifukuza, akamwachia yeye aamue. Amesema nibaki, nina watoto na pampu naijua. Afadhali angenifukuza.

Nilimwomba radhi. Akasikiliza hadi mwisho. Akauliza kwa nini siku ile nilisimama karibu yake nikanyamaza. Nikaivua kofia yangu. Akanipa ratiba ya zamu. "Alfajiri, bwana."

Bwana! Tangu tuanze kazi pamoja ananiita kaka. Nimelia njiani kushuka kilima, na sioni aibu kuandika.

Jumatatu, 17 Machi

Bado ni bwana. Leo tena kaenda kukagua vali ya tangi kwenye mvua, karudi anakohoa. Moyo umeniuma sana.

Nimepata wazo. Kompyuta ile inaweza pia kufungua na kufunga vali. Nyumbani kwake kuna simu, na mdogo wake ana kompyuta. Asingehitaji kulowa tena. Modemu imo kabatini, na funguo za kabati ameniachia mimi.

Nimeichomeka alipoondoka. Neno la siri nimelifuta kabisa, asije akasumbuka kulikumbuka. Sitamwambia mpaka kesho. Nimesimama mbele ya kioo kujizoeza nitakavyoitika akiniita kaka.